Triga ya bastola: Kwa nini watu huibadilisha, na hatari iko wapi

Ukinunua Glock 17 mpya Marekani, triga yake huhitaji nguvu ya karibu paundi 5.5, sawa na kilo 2.5, ili risasi itoke. Wengi wanaridhika na hilo. Wengine wananunua triga mbadala kutoka kampuni kama Apex Tactical au Timney, kisha wanang'oa ile ya kiwandani.

Wanatafuta nini? Na hatari inaanzia wapi? Haya ndiyo mambo ya msingi.

Triga ndiyo usalama wenyewe

Glock ni bastola ya Austria, na jeshi la nchi hiyo lilianza kuichukua mwaka 1982. Haina kitufe cha usalama pembeni. Vizuizi vyake ni vitatu: ulimi mdogo katikati ya triga, kizuizi cha pini ya kufyatulia, na kizuizi cha kuilinda isilipuke ikianguka. Vyote huachia chenyewe kadiri unavyovuta triga.

Kwa hiyo ukibadilisha triga, umegusa pia mfumo wa usalama. Hili si pambo kama kava la simu.

Vinavyobadilishwa

*Sehemu ya kidole.* Ya kiwandani ni ya plastiki iliyopinda. Mbadala nyingi ni za alumini na uso wake ni bapa. Hapa kinachobadilika zaidi ni hisia ya kidole kuliko uzito.

*Konekta.* Ni kibati kidogo ndani ya bastola. Pembe yake huchangia triga kuwa nzito au nyepesi. Glock wenyewe hutengeneza za aina tofauti.

*Springi.* Hapa wengi huchanganyikiwa. Kwenye Glock ya kawaida, springi ya triga humsaidia anayevuta, hivyo ikiwa kali zaidi triga inakuwa nyepesi. Springi ya pini ni kinyume chake. Ukiweka dhaifu, triga inalainika, ila pini inaweza kugonga kitako cha risasi kwa unyonge na risasi ikagoma. Kwenye mashindano utapoteza sekunde. Kwa anayejilinda, hapo ni uhai.

Nzito nayo ina shida zake

Utadhani basi triga nzito ndiyo salama. Polisi wa New York walifikiri hivyo. Kwa miaka mingi Glock zao ziliwekwa triga ya karibu paundi 12, zaidi ya kilo 5, ili askari asifyatue kwa bahati mbaya.

Tatizo ni kwamba ukivuta kwa nguvu hivyo, mtutu unayumba. Mwaka 2008 taasisi ya utafiti ya RAND ilipendekeza polisi hao wajaribu triga nyepesi. Tarehe 24 Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, askari wawili walimfyatulia risasi mtu aliyekuwa ametoka kuua. Wapita njia 9 walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake. Mjadala wa triga nzito ukawaka upya, na mwaka 2021 jeshi hilo likaanza kuelekea triga nyepesi kwa askari wapya.

Nyepesi mno inaweza kufyatuka kabla hujaamua. Nzito mno inaweza kumpata asiyehusika.

Michezo ina kiwango chake

Hata kwenye kulenga shabaha, wepesi una mwisho. Kanuni za shirikisho la kimataifa, ISSF, zinataka triga ya bastola ya mita 25 isipungue gramu 1,000, na ya bastola ya upepo ya mita 10 isipungue gramu 500. Hizo ni silaha za uwanjani, hazivaliwi kiunoni sokoni.

Kabla hujabadilisha

- Jiulize kazi yake. Triga ya mashindano si ya kubeba kila siku.
- Mpe fundi wa silaha mwenye leseni. Kupiga msasa vipande vya ndani nyumbani ni kucheza na vizuizi vya usalama.
- Hakikisha vizuizi vyote vinafanya kazi baada ya kufunga. Mwaka 2017 SIG Sauer ilitangaza marekebisho ya bure ya P320 baada ya majaribio kuonyesha inaweza kufyatuka ikianguka. Sehemu ya tiba ilikuwa triga yenye uzito mdogo wa umbo, kwa hiyo hata uzito wa kipande chenyewe una maana.
- Ijaribu uwanjani kwa risasi nyingi kabla hujaitegemea.
- Usichanganye na "swichi" inayofanya bastola imimine risasi mfululizo. Sheria ya Marekani huihesabu kuwa bunduki ya rashasha, na kuwa nayo bila kibali ni jela.
- Kenya na Tanzania silaha humilikiwa kwa leseni. Waulize waliokupa leseni kabla fundi hajafungua chochote.

Na kama shida yako ni kukosa shabaha, anza na mwalimu na risasi za mazoezi. Pesa ya triga mpya inaweza kulipia yote mawili, na ujuzi huo utahama nawe hata ukibadilisha bastola.