Kamĩrĩĩthũ

Kamĩrĩĩthũ ni kijiji cha Limuru, Kenya, kilichokuwa kitovu cha tamthilia shirikishi iliyohoji ukosefu wa haki. Mwaka 1977, wakulima, vibarua na wafanyakazi wa viwandani wa kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji waliigiza *Ngaahika Ndeenda* (“Nitaolewa Nitakapo”), iliyoandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ.

Wanakijiji walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Mazoezi yalifanywa hadharani mwishoni mwa juma. Watazamaji walirekebisha lugha, nyimbo na miondoko. Katika mchezo, Kĩgũũnda ametundika ukutani hati ya shamba lake la ekari moja na nusu, ambalo tajiri anamnyang’anya kwa hila ya mkopo.

Serikali ilipiga marufuku maonyesho hayo Novemba 1977. Ngũgĩ wa Thiong’o alitiwa kizuizini Desemba 31, akaachiliwa Desemba 1978. Mwaka 1982 polisi waliubomoa ukumbi. Hata hivyo, Kamĩrĩĩthũ ilithibitisha kwamba wanyonge wakipewa jukwaa na lugha yao, huyaeleza madhila yao wenyewe kwa ufasaha.