Maziwa ya Kupima

Hapa Mowlem, Nairobi, maziwa hununuliwa kwa shilingi, si kwa lita. Mteja huniambia, "Nipimie ya ishirini," nami napima. Wapo wanaoidharau biashara hii. Mimi naiheshimu, kwa kuwa naijua njia iliyopitia.

Njia hiyo inaanza na walowezi, waliotuachia pia maonyesho ya vyakula Nairobi. Chama chao cha kilimo kiliundwa 1901, na mwaka uliofuata kikafanya maonyesho ya kwanza, nia ikiwa kuvutia Wazungu zaidi waje kulima. Mwaka 1925 walowezi hao wakaanzisha ushirika wa maziwa, KCC, kule Naivasha. Mkulima Mwafrika alisubiri hadi mpango wa Swynnerton wa 1954 ndipo akasaidiwa kufuga ng'ombe wa gredi. Sheria ya 1958 ikaleta Bodi ya Maziwa, na mjini yakatambuliwa maziwa ya kiwandani tu, yaliyochemshwa na kufungwa.

Sisi tuliosoma enzi za Moi tuliijua KCC kwa pakiti ya pembetatu. Kuanzia 1979 maziwa ya Nyayo yaligawiwa bure shule za msingi, mililita 200 kwa kila mtoto. Tuling'ata kona, tukafyonza hadi pakiti ikanywea. Shule ilipotupeleka maonyesho ya Jamhuri Park, banda la maziwa ndilo tulilolikimbilia kwanza.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Pesa ya pakiti nzima haikupatikana kila siku, kwa hiyo mama alinunua kwa mtu wa baiskeli aliyepita alfajiri na mtungi, kabla kanjo, askari wa jiji, hawajaamka. Maziwa yale yale, kutoka kwa ng'ombe wale wale wa Kiambu, lakini aliyeyauza alikimbizwa kama mwizi. Hilo bado linaniuma.

Soko la maziwa lilifanywa huria 1992. KCC ikayumba, wakulima wakakaa bila malipo, mpaka serikali ilipoifufua 2003. Katika miaka ya 2000 Bodi ikaanza kuwafunza na kuwapa leseni wauzaji wadogo. Tulielezwa kwa nini jerikeni la plastiki halifai: mikwaruzo ya ndani huficha uchafu usiotoka hata ukisugua, ndiyo maana mtungi wa alumini ni bora. Tukajua laktomita, ambayo huzama zaidi maziwa yakitiwa maji. Elimu hiyo ingetolewa mapema, watu wa baiskeli wasingeishi kwa kujificha.

Ndiyo sababu nilipokwenda KICC kwenye maonyesho ya Foodagro, nilivipita vibanda vya viungo na mashine za kujaza maji nikatafuta zile tunazoziita ATM za maziwa. Tangi la chuma kisichoshika kutu, kipoza, bomba, na kitufe cha kuchagua pesa. Maziwa yanayotiwa humo yamekwisha kuchemshwa na kupozwa. Kipimo cha mama yangu kilikuwa ukumbini, kimewashiwa taa, na watu wenye suti wanakiulizia bei.

Muuzaji alinisifia tangi la lita 500. Nikamwambia plotini kwetu umeme hupotea jioni, wakati wa chai, kwa hiyo anieleze kwanza baridi hudumu saa ngapi, kisha anipe bei ya tangi dogo. Akauliza kiwango cha chini nitakachotaka mashine ipimie. Yeye alikuwa ameweka shilingi 50. Nikamwambia aweke 10, kwa maana watoto hutumwa na kumi.