Nondo Huyu, Nondo Hii

"Baba, kipepeo analia!" Mwanangu alikuwa ameinua ndala, tayari kumpiga mdudu aliyetua ukutani uani kwetu, chini ya taa. Nikamshika mkono. Mdudu mwenyewe alijaa kiganja: mabawa ya kahawia iliyokolea, tumbo la manjano lenye pingili nyeusi, na nyuma ya kichwa alama hafifu iliyofanana na fuvu la mtu. Nilipomgusa kwa njiti ya ufagio alitoa mlio mwembamba, kama wa panya aliyebanwa.

Hakuwa kipepeo. Alikuwa nondo.

Neno hili tunalo, ila tumelibana mno. Likitajwa, wengi huwaza mdudu wa sandukuni au chuma cha kujengea. Upatanisho wa sarufi ndio unaozitenga maana hizo: nondo huyu ametoboa sweta, nondo hii ni ya milimita 12. Na hata huyo wa sandukuni tunamwonea. Anayekula sufu ni kiwavi. Akishaota mabawa, hali tena.

Katika sayansi, nondo na kipepeo wamo katika oda moja, Lepidoptera, jina alilolitumia Carl Linnaeus katika kitabu chake cha mwaka 1758. Asili yake ni Kigiriki: lepis ni gamba, pteron ni bawa. Ule unga unaobaki vidoleni ukimshika mdudu huyu ndio magamba yenyewe. Oda hii ina spishi zipatazo 160,000, na vipepeo hawafiki 20,000. Waliobaki wote ni nondo. Basi kumwita nondo "kipepeo wa usiku" ni kulipa kundi kubwa jina la kundi dogo.

Ili kumtambua, anza na vipapasio. Vya kipepeo ni vyembamba vyenye kirungu nchani. Vya nondo huwa kama uzi, kitana au unyoya. Kisha mtazame akitua: kipepeo kwa kawaida hukunja mabawa wima mgongoni, nondo huyalaza kama paa au huyatandaza. Giza peke yake si ushahidi, kwani wapo nondo wanaoruka mchana.

Mgeni wetu anaitwa Acherontia atropos. Atropos, katika visa vya Wagiriki, ndiye aliyekata uzi wa uhai wa binadamu. Fuvu lile lilimponza. Hang'ati wala haumi. Huingia mizingani kunyonya asali kwa mrija wake mfupi mgumu, akisaidiwa na harufu ya mwili inayofanana na ya nyuki, na mlio wake ni hewa inayopita kooni. Viwavi wake hula majani ya jamii ya viazi mviringo na biringanya. Kwa Kiswahili napendekeza nondo-fuvu: jina linataja kundi lake, kisha alama yake.

Si suala la kamusi tu. Kiwavijeshi anayemaliza mahindi naye ni mtoto wa nondo. Mkulima anayelijua hilo hategi jicho kwenye majani yaliyokwisha kuliwa. Hutega mtego wa nondo usiku, kabla mayai hayajatagwa. Mwanangu alishusha ndala, akauliza, "Sasa mama yake kiwavi wa mchicha wetu ni nondo gani?" Tuliwasha tena taa ya uani, tukangoja.