Litmus Ilitoka Pwani, Sisi Tukaikariri Ruiru

Ticha wetu wa kemia alikuwa na pakiti moja ya karatasi za litmus. Moja. Darasani tulikuwa hamsini na kitu. Akachukua makasi akakata kila karatasi vipande vinne, na bado dawati letu likapata kipande kimoja chekundu, cha bluu hakuna. Tukakichovya kwenye asidi. Kikabaki chekundu. Kisha tukaandika kwenye daftari, kwa hati safi kabisa, kwamba litmus ya bluu iligeuka nyekundu. Hilo ndilo lilikuwa jibu ubaoni na tulitaka vema zetu. Tulizipata.

Simlaumu ticha. Alijaribu na alichokuwa nacho. Lakini manze, ile ekspirimenti imenikaa kichwani miaka yote hii, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali moja rahisi: kwani hii karatasi ni nini? Inajuaje? Tuliambiwa inageuka, tukakariri inageuka, tukaenda lanchi.

Kwa wale mliosahau, au mnaosoma hiyo mada sasa hivi Gredi ya 7 (sisi wa 8-4-4 tuliipata Fomu ya Kwanza), mambo ni haya. Asidi ndiyo inayofanya ndimu iwe chachu, na siki, na maziwa lala. Ile ya betri ya gari usiijaribu kwa ulimi, itakutoboa. Besi ni upande wa pili: magadi, chokaa, maji ya jivu. Besi ikilowa inateleza vidoleni kama sabuni. Ukizichanganya kwa kipimo sawa, zinauana nguvu. Kinachobaki ni chumvi na maji. Ndiyo maana mtu wa kiungulia anameza vidonge vya chokaa chokaa hivi vya duka la dawa: tumbo lina asidi, kidonge ni besi, vinamalizana huko ndani.

Sasa turudi kwa karatasi.

Litmus ni rangi. Inatolewa kwenye kitu kinachoota juu ya matawi ya miti na mawe karibu na bahari, kitu cha kijivu kinachoning'inia kama ndevu za mzee, nusu kuvu nusu mwani. Wanasayansi wanaita jamii hiyo Roccella. Waswahili wa zamani waliiita marere. Na hapa ndipo nilipoacha chai yangu ikapoa: katika karne ya 19 marere ilikuwa bidhaa ya biashara kwenye pwani yetu. Watu walikuwa wakiichuma kwenye miti, wanaijaza kwenye magunia, inapelekwa Zanzibar, halafu inapakiwa melini kwenda Ulaya. Ripoti za biashara za Zanzibar za wakati huo zinaitaja pamoja na pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Ile ya Msumbiji inatajwa hadi leo kama mojawapo ya vyanzo vikuu vya litmus.

Huko Ulaya walikuwa wakiitaka hasa kwa kutia nguo rangi ya zambarau. Na unajua walivyoitoa hiyo rangi? Marere yenyewe haina zambarau ukiitazama. Waliiloweka kwa wiki kadhaa ndani ya mkojo uliochacha. Mkojo ukikaa unatoa amonia, amonia ni besi, na besi pamoja na hewa ndiyo inayoamsha rangi. Yaani matajiri wa Ulaya walivaa mkojo na marere na wakajiona wamefika. Litmus ilitengenezwa kwa njia inayofanana na hiyo, wakiongeza potashi na chokaa, na Waholanzi ndio waliokuwa mafundi wake.

Hii biashara ya zambarau iliuawa na kijana. Mwaka 1856, William Perkin, jamaa wa miaka 18 tu huko London, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi, na alipousafisha kwa spiriti ukatoa zambarau kali. Rangi za viwandani zikaanzia hapo, na miaka ilivyosonga marere ikakosa soko. Litmus ikabaki, pakiti ndogondogo za shule.

Sisemi Waswahili walivumbua litmus. Hapana, na mtu akikwambia hivyo mtandaoni mkimbie. Kutumia rangi ya mmea kupima asidi ni kitu ambacho Robert Boyle alikieleza katika kitabu chake cha 1664, akitumia maji ya maua ya violeti: asidi inayafanya yawe mekundu, besi inayafanya yawe kijani. Ninachosema ni kwamba yule mtu aliyepanda mti kule Lamu kuchuma marere hakuambiwa inaenda kufanya nini. Na mimi niliyeshika ile karatasi Ruiru miaka zaidi ya mia baadaye sikuambiwa ilitoka wapi. Gunia lilienda, pakiti ikarudi, na katikati hapo ndipo kulikuwa na elimu yote.

Besi ni story nyingine, kwa sababu huko sisi hatukuwa wachumaji tu. Huko tulijua.

Neno lenyewe alkali ni Kiarabu, al-qali, jivu la mimea. Sasa nenda magharibi mwa Kenya uulize kuhusu musherekha. Unachoma maganda ya maharagwe yaliyokauka, unaweka jivu kwenye chombo chenye matundu chini, unamwaga maji juu, yanachuja polepole. Yale maji ya hudhurungi yanayodondoka ndiyo musherekha, na yanapikiwa mboga za kienyeji mpaka zinalainika bila kupoteza rangi. Hiyo ni kuchuja alkali. Ni ekspirimenti kamili: kuchoma, kuyeyusha, kuchuja. Mama wa Kakamega anaifanya bila koti jeupe, na mtoto wake anaenda shule anaambiwa kwamba kuchuja kunahitaji faneli ya kioo ambayo shule haina.

Hapa kwetu Kiambu ni magadi. Cucu anayaita igata, na githeri yake haijawahi kupikwa bila hayo mahindi yakiwa magumu. Besi inavunja kile kinachoshikilia ganda la maharagwe, kwa hivyo moto unafanya kazi kidogo na makaa yanabaki. (Ukizidisha, githeri inaonja sabuni, na vitamini B1 inakufa pia. Kidogo tu, jamani.) Magadi hayo yanatoka Ziwa Magadi, kule chini kwenye joto la Kajiado, ambako watu waliyachota zamani sana kabla ya kampuni yoyote kufika. Kampuni ilifika 1911, Magadi Soda, halafu ikajengewa tawi la reli kutoka Konza mpaka ziwani. Tangu 2005 iko mikononi mwa Tata ya India. Soda hiyo inapelekwa nje kwa wingi kutengeneza vioo na sabuni. Faneli ya kioo, ndiyo. Mnaona inavyorudi?

Na chokaa. Kuta za Gedi, nyumba za zamani za Lamu, zote zimeshikwa na chokaa iliyotokana na matumbawe. Fundi alipanga kuni, akapanga matumbawe juu, akachoma. Moto unafukuza hewa ya kaboni kwenye jiwe, linabaki jiwe jepesi lenye hasira ambalo ukilimwagia maji linachemka lenyewe. Unalipaka ukutani, na polepole linanyonya ile hewa ya kaboni tena mpaka linarudi kuwa jiwe. Ukuta unakuwa tumbawe kwa mara ya pili. Chokaa hiyohiyo kidogo ilipakwa kwenye jani la tambuu kabla ya kutafunwa na popoo, kwa sababu bila besi popoo halitoi ule mchangamko wake. Bibi wa Mombasa aliyekuwa akifunga tambuu alikuwa anajua kipimo. Kidogo sana halina kitu, nyingi sana inachoma ulimi.

Thika pia wana ya kwao, viwanda vya ngozi, na ukiwahi kupita karibu pua yako inajua. Ngozi mbichi inalowekwa kwenye chokaa ili manyoya yaachie, halafu ile chokaa inaondolewa, kisha ngozi inatiwa asidi na chumvi ili ikubali dawa ya kuihifadhi. Besi, halafu asidi. Kiatu chako cha shule kilipita hiyo mada kabla yako.

Lakini kitu kilichofanya nianze kuandika haya yote ni shamba la cucu.

Wasee wa Ruiru mnajua huu mji ulikuwa kahawa. Kabla ya ploti, kabla ya Tatu City, kabla ya hizi ghorofa zinazoota kama uyoga kando ya Thika Road, ilikuwa kahawa mpaka macho yachoke. Serikali ya kikoloni ilinunua shamba la Jacaranda mwaka 1944 liwe kituo cha utafiti wa kahawa, na kituo bado kipo. Ndiko ilikotoka Ruiru 11, kahawa isiyoangushwa na ugonjwa wa kuoza matunda, iliyotolewa kwa wakulima 1985. Kuna wakulima Tanzania na Uganda wanalijua jina la huu mji kwa sababu ya mche, si kwa sababu ya jam ya bypass.

Udongo wetu mwekundu ni wa volkano, na ni mzuri, ila una tabia moja. Mvua ya miaka mingi inausuuza, inaondoka na kalsiamu na magnesiamu, na asidi inabaki. Kahawa inapenda asidi kidogo kwa hivyo haikulalamika mapema. Halafu ikaja mbolea. Mbolea zenye amonia, DAP ikiwemo, zinapoingia ardhini vijidudu vinaigeuza ile amonia kuwa naitreti, na katika kugeuza vinaachilia asidi. Msimu mmoja si kitu. Miaka thelathini ya DAP kila unapopanda ni kitu. Asidi ikizidi, alumini iliyokuwa imelala kwenye udongo inaamka na kuua ncha za mizizi, na fosforasi inakamatwa mahali mmea hauifikii. Na fosforasi ndiyo sababu ulinunua DAP! Kwa hivyo mahindi yanadumaa, unaongeza DAP, yanadumaa zaidi.

Cucu ana robo ekari iliyobaki, karibu na Kihunguro, katikati ya ploti za watu. Mwaka juzi mahindi yake yalitoka ya zambarau kwenye majani, rangi ya marere kabisa, na ile ni dalili ya kukosa fosforasi. Nilijifanya mwanasayansi. Nikanunua kabeji ya zambarau sokoni, nikachemsha, nikapata maji yanayogeuka waridi kwa ndimu na kijani kwa magadi. Ilipendeza, binamu zangu walishangilia. Nikatia udongo wa cucu. Hakuna kilichobadilika. Kabeji haioni asidi ndogondogo kama ya udongo, na huo ndio ukweli ambao video za kabeji hazikuambii. Unahitaji kipimo cha pH, ile namba ambayo Sørensen aliibuni 1909 akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Saba ni katikati, chini yake ni asidi, na kila hatua moja ni mara kumi. Kwa hivyo tano si asidi zaidi kidogo kuliko sita. Ni mara kumi.

Nikapeleka udongo maabara. Jibu lilikuwa 4.8.

Nilipomsomea cucu (ananiita mzee wake kwa sababu nimerithi jina la guka), nikamweleza kwamba shamba lina kiungulia na linahitaji dawa ileile ya kiungulia, hakushangaa hata kidogo. Akaniuliza kwa nini nadhani sukuma zake za nyuma ya jikoni ni nzuri kuliko mahindi. Nikasema mbolea ya kuku. Akasema kuku walikufa kitambo. Ni jivu. Miaka arobaini anamwaga jivu la jiko pale pale, kwa sababu mamake alimwaga pale pale.

Jivu lake lakini halitoshi robo ekari, na siku hizi anapikia gesi nusu ya wiki. Karatasi ya maabara iliandika chokaa ya shamba, ile ya kusagwa kama inayochimbwa Koru. Nikashuka mjini na ile karatasi mfukoni, nikaingia duka la pembejeo. DAP ilikuwa imepangwa mpaka dari. Nikauliza kama wana chokaa.

Kijana wa duka, tunalingana umri, na huenda alikata litmus vipande vinne kama mimi, akaniangalia.

"Ya kupaka ukuta?"