Wanubi wa Kibera: Walifyeka Msitu Wakaitwa Wapangaji

 

Sisi wa Sirari mpaka tunauvuka kwa miguu, na Mkurya wa huku ana baba zake wadogo upande wa Isebania. Kwa hiyo suala la nani mwenyeji na nani mgeni tunalijua. Anayetoka hapa kupitia Migori na Kisii hadi Nairobi atasikia jina la Kibera. Wengi wanakijua kwa mabanda ya mabati. Wachache wanajua kuwa kilianzishwa na Waislamu wahamiaji.

Hao ni Wanubi. Wazee wao walikuwa askari wa Sudani waliobaki kusini chini ya Emin Pasha, baada ya vita vya Mahdi kuwakatia njia ya Khartoum. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert, akawatia katika utumishi wa Waingereza. Baadaye wengi wao walipigana katika jeshi la KAR. Kama malipo ya utumishi huo waliruhusiwa kukaa kwenye msitu kando ya Nairobi, na mwaka 1918 eka 4,197 zikatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Wao waliuita kibra, yaani msitu. Lugha yao, Kinubi, imezaliwa na Kiarabu, ingawa mwanafunzi wa nahau ataitafuta i'rabu asiipate.

Ndugu msomaji, katika fiqhi mwenye kuhuisha ardhi iliyokufa huimiliki. Imamu Shafii hakushurutisha idhini ya mtawala. Abu Hanifa aliishurutisha. Wanubi walifyeka, wakajenga, wakalima, tena kwa idhini. Lakini tuwe waadilifu: Wamasai walichunga maeneo hayo kabla yao, na malisho ya watu hayahesabiwi kuwa ardhi mfu. Hata hivyo, aliyewanyima haki Wanubi hakuwa Mmasai. Mwaka 1933 Tume ya Ardhi ya Carter iliwaona kuwa wapangaji wa Serikali tu, wanaoweza kuondolewa, ijapokuwa ilikiri kuwa Serikali ina wajibu wa kuwatafutia makazi.

Baada ya uhuru wa 1963 nyumba za mipango zilimega ardhi, na wageni wa bara wakafurika kupanga. Vijana wa Kinubi waliotaka kitambulisho walifikishwa mbele ya kamati wathibitishe uraia wa babu zao. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya Haki za Mtoto iliamua kuwa Kenya imewadhulumu watoto wa Kinubi katika suala la uraia.

Mwaka 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya eka 288, chini ya sehemu moja kati ya kumi na nne ya zile za mwanzo. Imeandikwa kwa jina la jumuiya, si la mtu mmoja. Kwa sura hiyo, tunavyoona sisi, iko karibu zaidi na wakfu kuliko milki ya kawaida.