Wakili wa ufilisi: Kazi yake na njia ya kuifikia

“Dawa ya deni ni kulipa,” wasema wahenga. Lakini mdeni asiye na cha kulipa atafanyaje? Hapo ndipo aingiapo wakili wa kesi za biashara na ufilisi.

Mwanafunzi wa Hola anayeitamani kazi hii husomea shahada ya sheria kwa miaka minne, kisha hujiunga na Chuo cha Sheria cha Kenya, na kupata mafunzo chini ya wakili mzoefu kwa miezi sita. Akifaulu mitihani, huapishwa na Jaji Mkuu.

Kesi za kawaida za madeni mjini Hola husikizwa na hakimu. Ombi la kumtangaza mtu kuwa muflisi, hata hivyo, hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo huketi Garsen.

Sheria ya Ufilisi ya 2015 ilichukua mahali pa Sheria ya Kufilisika, Sura ya 53. Kampuni inayodaiwa Sh100,000 au zaidi ikipewa ilani rasmi, na siku 21 zipite bila malipo, mdai aweza kuiomba mahakama iifunge. Sheria hiyo pia inaruhusu kampuni iwekwe chini ya msimamizi ili iokolewe, na wadai huzuiwa kuichukua mali yake kiholela. Maduka ya Nakumatt yaliwekewa msimamizi Januari 2018, lakini hayakuokoka. Wadai waliamua kampuni hiyo ivunjwe Januari 2020.

Mtu binafsi naye ana kinga. Vifaa anavyohitaji kwa kazi yake na vyombo vya lazima vya nyumbani havichukuliwi. Miaka mitatu baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake, huondolewa ufilisi asipopingwa. Kabla ya hapo, Katiba ya 2010 haimruhusu kuwa mbunge wala diwani.

Wakazi wa Hola wanajua kwamba hasara si uzembe kila mara. Mto Tana ulipobadili mkondo mwaka 1989, mradi wa unyunyiziaji maji wa Hola ulikwama na mashamba yakakauka.

Hivyo basi, wakili mwema huanza kazi kabla ya kesi. Huusoma mkataba wa mkopo, huwapatanisha mdai na mdeni, na kumkumbusha mfanyabiashara kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.