Upana wa Reli na Nguvu ya Kichwa cha Treni

Kila mjadala wa reli unapozuka nchini, hoja ile ile husikika: reli tuliyoachiwa na mkoloni ni nyembamba, ndiyo maana mizigo imehamia barabarani. Wanafunzi wangu huirudia kana kwamba ni kanuni ya fizikia. Historia ya vichwa vya dizeli haiiungi mkono.

Tuitazame TAZARA. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina upana wa milimita 1,067, wala haikujengwa na mkoloni: ilikabidhiwa na Wachina mwaka 1976. Vichwa vyake vya kwanza vya njia kuu, DFH2, vilikuwa na nguvu za farasi 2,000, zilizofikishwa kwenye magurudumu kwa mfumo wa haidroliki badala ya mota za umeme. Tambarare vilitosha. Kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia hupanda kutoka Bonde la Kilombero kwa mahandaki na madaraja mfululizo, vililemewa. Mwaka 1983 vikaja vya aina ya U30C, vilivyoundwa Ujerumani na Krupp kwa usanifu wa General Electric, vyenye nguvu za farasi zipatazo 3,000. Mlima ulikuwa ule ule, na upana wa reli ule ule.

Si kwamba upana haubani chochote. Hupunguza nafasi ya mota kati ya magurudumu, na hupunguza uthabiti wa kichwa kirefu kwenye kona. Lakini kikwazo kizito zaidi ni tani ambazo kila ekseli inaruhusiwa kuzilaza juu ya reli. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lililijua hilo. Vichwa vyake vya English Electric vya mwaka 1960, vya nguvu za farasi 1,840, viliwekewa ekseli mbili za ziada zisizo na mota, moja kila mwisho, kwa kazi ya kubeba uzito tu. (Garratt za mvuke za daraja la 59, zilizovitangulia, zilikuwa na tani 252 kila moja, juu ya reli ya mita moja! Anayepita Nairobi akazione.)

Brazil ilikwenda mbali zaidi. Kwa ajili ya reli ya madini ya Vitória–Minas, General Motors ilianza mwaka 1970 kuunda DDM45: nguvu za farasi 3,600, ekseli nane badala ya sita ili uzito ugawanyike. Reli hiyo ina upana wa mita moja, pungufu ya TAZARA.

Sisemi SGR haikustahili kujengwa. Mwendo wake wa abiria reli ya mita moja isingeuhimili. Ninachokataa ni kumtwisha mkoloni lawama za ghala lisilo na vipuri na mataruma yasiyobadilishwa. Afisa anayeandaa andiko la mradi wa reli atuambie kwanza ekseli inaruhusiwa tani ngapi, na ni vichwa vingapi vilivyotoka karakana asubuhi ya leo.